Makhan Singh na Neno Uhuru: Maisha ya Mwanamapinduzi wa Kihindi katika Afrika ya Mashariki

Historia ya kupigania uhuru katika Afrika ya Mashariki imezoea kugawanywa kwa mipaka ya nchi na kwa kabila za watu. Mwenye kuandika habari za Kenya huanza na Harry Thuku, akapitia vyama vya Wakikuyu, akafika Kapenguria; na mwenye kuandika habari za Tanganyika huanza na vyama vya kusaidiana vya watumishi wa Serikali, akamalizia na TANU. Njia hiyo ina manufaa yake, ila wapo watu inaowaacha nje ya mlango. Mmoja wao ni Makhan Singh, mpiga chapa wa Nairobi, mzaliwa wa Panjab, ambaye alizuiliwa na Serikali ya kikoloni ya Kenya kwa muda wa miaka kumi na moja na zaidi. Makala haya yanaeleza maisha yake kwa ufupi, kisha yanatazama maswali mawili. La kwanza, ilikuwaje mtu aliyezaliwa mbali na nchi hizi awe miongoni mwa wa kwanza kudai hadharani uhuru kamili wa nchi zote za Afrika ya Mashariki? La pili, kwa nini uhuru ulipopatikana hakuonekana tena mbele ya watu?

Makhan Singh alizaliwa tarehe 27 Desemba, 1913, katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, katika sehemu ya Panjab ambayo tangu 1947 imo katika Pakistan. Mwaka huo huo Wahindi waliokuwa wakifanya kazi katika Marekani, wengi wao Masingasinga wa Panjab, walianzisha chama cha Ghadar kwa nia ya kuuondoa utawala wa Waingereza katika Bara Hindi kwa nguvu. Mtoto huyo alikuwa na umri wa miaka mitano wakati askari wa Kiingereza walipowapiga risasi watu waliokusanyika bila silaha katika uwanja wa Jallianwala Bagh mjini Amritsar, tarehe 13 Aprili, 1919. Na siku iliyofuata ndege za Serikali zilitupa mabomu juu ya mji wa Gujranwala na vijiji vilivyouzunguka. Kwa hiyo aliyafahamu mambo ya utawala wa kigeni kabla hajajua kusoma. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa seremala. Katika mwaka wa 1920 alivuka bahari kwenda Kenya kutafuta kazi, akaipata katika reli. Na katika mwaka wa 1927 mwanawe, aliyekuwa amekaribia miaka kumi na minne, akamfuata Nairobi pamoja na mama yake.

Reli hiyo yafaa isemwe kidogo, kwa kuwa ndiyo iliyowaleta Wahindi wengi wa tabaka ya kazi katika bara ya Afrika ya Mashariki. Kati ya mwaka wa 1896 na 1901 Waingereza walileta watu karibu 32,000 kutoka Bara Hindi kujenga njia kutoka Mombasa mpaka ziwa la Viktoria. Karibu 2,500 walikufa, wengi walirejea kwao, na karibu 6,700 walibaki. Waingereza waliwaita watu hao kwa neno moja la dharau, lenye asili ya lugha za Bara Hindi, ambalo lilitumika kwa kila mtu wa kazi ngumu asiye Mzungu. Kiswahili kililichukua neno hilo, kikalifanya kuli, wingi wake makuli. Lakini katika bandari za Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam halikuwa tena jina la Mhindi, bali la Mwafrika apakiaye na kupakua shehena. Hapo neno lilitangulia fikira za watawala. Watawala walimweka Mhindi daraja moja na Mwafrika daraja jingine, kila mmoja na mshahara wake, mtaa wake na shule yake. Lugha ilikwisha kuwaita kwa jina moja, kwa sababu ya kazi iliyofanana. Adam Shafi alipotunga riwaya yake juu ya mgomo wa wachukuzi wa bandari ya Zanzibar wa mwaka wa 1948, alilifanya neno hilo kuwa jina la kitabu, nacho kilitokea katika mwaka wa 1979.

Makhan Singh alisoma katika shule ya sekondari ya Serikali kwa Wahindi mjini Nairobi, akafaulu mtihani wa London wa kuingia chuo kikuu katika mwaka wa 1931. Fedha za kumpeleka mbele hazikuwapo. Alijiunga na baba yake, ambaye kufikia hapo alikuwa na kiwanda kidogo cha kupiga chapa. Alikuwa kijana mpole, mpenda mashairi, aliyetunga mwenyewe kwa Kipanjabi na kuyasoma mbele ya watu. Kazi ya kupiga chapa ilimpa vitu viwili ambavyo mwanasiasa hawezi kuvikosa: karatasi na herufi. Aliyajua pia, kwa mkono wake, matatizo ya kulieleza jambo moja kwa watu wasemao lugha mbalimbali.

Katika mwaka wa 1934 mafundi wa Kihindi wa Nairobi walikuwa wameanzisha chama chao cha wafanya kazi. Chama kilikuwa kidogo, kisicho na nguvu. Mwezi wa Machi, 1935, walimwendea Makhan Singh wakamwomba awe katibu. Alikubali, na jambo la kwanza kubwa alilolifanya lilihusu jina. Neno la Kihindi liliondolewa katika jina la chama, nacho kikawa chama cha wafanya kazi wa Kenya, mlango wazi kwa kila mtu bila kutazamwa rangi, dini wala kabila yake. Katika mwaka wa 1937 jina liliongezwa upana tena, likawa la wafanya kazi wa Afrika ya Mashariki yote. Kwa mtu wa leo mabadiliko hayo yaweza kuonekana kuwa ya karatasi tu. Lakini katika nchi ambayo sheria ilimpa Mwafrika kipande cha kuvaa shingoni, ikampa Mzungu viti vya Baraza la Kutunga Sheria na nyanda za juu zenye rutuba, ikamwacha Mhindi katikati na duka lake na malalamiko yake, kulifuta neno moja la kabila katika jina la chama ilikuwa ni kuukataa mpango wote wa utawala. Makaratasi ya chama yalipigwa chapa kwa Kipanjabi, Kiurdu, Kigujarati na Kiswahili. Yafaa kukumbukwa kwamba wakati ule ule Kamati ya Lugha iliyoundwa katika mwaka wa 1930 ilikuwa ikisanifisha Kiswahili kwa ajili ya vitabu vya shule vya nchi nne. Kiswahili cha shule kilikuwa kikitengenezwa mezani kwa wataalamu. Kiswahili cha mshahara, saa za kazi na mgomo kilikuwa kikitengenezwa katika viwanda, bandari na vikaratasi vya barabarani, wala hakikungoja ruhusa ya kamati.

Wala haikuwa Nairobi peke yake. Mwezi wa Mei wa mwaka huo wa 1935, miezi miwili baada ya Makhan Singh kushika ukatibu, wachimba shaba wa Rhodesia ya Kaskazini waligoma katika migodi ya Mufulira, Nkana na Luanshya, na huko Luanshya watu sita waliuawa kwa risasi. Miongoni mwa wachimbaji hao walikuwamo vijana wengi kutoka nyanda za kusini magharibi mwa Tanganyika. Mtu asimamaye leo katika Isongole, wilaya ya Ileje, katika mkoa wa Songwe, aweza kuelewa upesi jambo hilo. Hapo reli haikufika. Mipaka iliyokubaliwa na Waingereza na Wajerumani katika mwaka wa 1890, ikapimwa baadaye, iliwakata Wandali na Walambya, wengine wakawa upande huu na wengine upande wa Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, ingawa waliendelea kusema lugha zile zile. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilikuwa mbali. Kwa hiyo vijana walikwenda kwa miguu kuitafuta. Mtu aliyevuka mpaka huo alikuwa mwenyeji jana na mgeni leo, bila yeye mwenyewe kubadilika hata kidogo. Aliporudi na mshahara wake alirudi pia na habari za mgomo. Mambo hayo ya Ileje na ya shaba, na mambo ya mafundi wa Panjab katika Nairobi, hayakuunganishwa na mtu mmoja wala chama kimoja. Yaliunganishwa na hali moja: kazi ilimwondoa mtu kwao, kisha mwenye kazi akamwambia kwamba, kwa kuwa yeye ni mgeni, hana haki ya kudai.

Mtihani wa kwanza wa chama cha Nairobi ulikuja tarehe 1 Aprili, 1937, mafundi walipogoma wakidai nyongeza ya mshahara na siku ya kazi ya saa nane. Mgomo ulidumu siku 62, nao ulikwisha kwa ushindi: mishahara iliongezwa, saa nane zikakubaliwa, na waliogoma wakarudishwa kazini. Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba wengi wa waajiri walioshindwa walikuwa Wahindi wenyewe, wakandarasi wa majengo, watu waliosali pamoja na mafundi hao na kuoza watoto kwao. Wengi walidhani kwamba jamaa ya Wahindi ni kitu kimoja chenye nia moja. Mgomo ulionyesha kwamba ndani ya jamaa hiyo mlikuwa na bwana na mtumishi, na kwamba fundi wa Kihindi alikuwa na sababu ya kumtazama Mwafrika wa kazi kuwa mwenzake kuliko tajiri wa lugha yake. Makhan Singh aliufuata ukweli huo mpaka mwisho wake, na hilo ndilo lililomtenga na viongozi wengi wa Kihindi wa zama zake, ambao walipigania usawa wa Mhindi na Mzungu, lakini hawakufika kwenye usawa wa watu wote.

Haifai kusemwa kwamba yeye alikuwa wa kwanza kuvuka mpaka huo. Katika mwaka wa 1921 na 1922 Manilal Desai, mwenye gazeti la East African Chronicle, alimsaidia Harry Thuku kwa mashine zake za kupigia chapa na kwa ushauri. Thuku akakamatwa Machi, 1922, na watu waliokusanyika kumtetea mjini Nairobi wakapigwa risasi. Lakini msaada wa Desai ulikuwa wa jirani kumsaidia jirani, kila mmoja na chama chake. Alichokitafuta Makhan Singh kilikuwa nyumba moja. Mwezi wa Julai, 1939, katika mkutano mkuu wa chama chake, walihudhuria Jesse Kariuki na George Ndegwa wa KCA, wakaingizwa katika halmashauri. Katika siku hizo Mombasa nzima iligoma. Na katika majira hayo hayo wachukuzi wa bandari ya Dar es Salaam na wa Tanga nao wakaweka chini mizigo. Serikali iliona hatari, ikaanza kuuliza ni nani anayewafundisha watu.

Desemba, 1939, Makhan Singh alikwenda Bara Hindi kujifunza jinsi vyama vya wafanya kazi vilivyoendeshwa huko. Vita ya pili ya dunia ilikuwa imeanza, na Waingereza hawakuwa na subira na watu wa namna yake. Mei, 1940, alikamatwa, akawekwa kizuizini bila ya kuhukumiwa, kwa muda mrefu katika kambi ya Deoli, ambamo walifungwa wakomunisti na wapigania uhuru wengi. Alitolewa katika mwaka wa 1942, lakini akalazimishwa kukaa katika kijiji chake asitoke, mpaka mwanzo wa mwaka wa 1945. Kisha alifanya kazi Lahore katika gazeti la wakomunisti wa Panjab lililoitwa Jang-i-Azadi, yaani Vita ya Uhuru. Hivyo basi miaka yake ya India haikuwa ya shule, kama alivyokusudia, bali ya gereza na gazeti. Na yawezekana kwamba gereza na gazeti vilimfundisha zaidi.

Alirudi Kenya mwezi wa Agosti, 1947, siku chache baada ya Bara Hindi kupata uhuru na kugawanyika. Kijiji chake kilikuwa kimekwisha kuwa katika Pakistan. Damu ilikuwa ikimwagika katika Panjab. Na Masingasinga wa upande ule walikuwa wakikimbia kwenda India. Mtu angeweza kusema kwamba hakuwa na kwao pa kurudi. Serikali ya Kenya ilimtangaza kuwa mhamiaji asiyetakiwa, ikaamuru aondoke. Alikataa, akalipeleka shauri mahakamani, na ingawa alikamatwa na kusumbuliwa mara kwa mara, Serikali haikufaulu kumtoa nchini. Hoja yake ilikuwa nyepesi: Kenya ndiyo nyumba yake, na kazi yake iko hapa. Mwezi wa Januari wa mwaka huo huo wafanya kazi wa Mombasa walikuwa wamegoma tena, wakiongozwa baadaye na Chege Kibachia. Naye Kibachia alikamatwa mwezi wa Agosti, akahamishwa mbali. Septemba, wachukuzi wa Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukafuata njia ya reli kwenda bara. Makhan Singh alikuwa ameikuta Afrika ya Mashariki nyingine, ambayo ndani yake Mwafrika wa kazi hakungoja tena kufundishwa kugoma.

Tarehe 1 Mei, 1949, vyama kadha vya Nairobi, vya madereva, washona nguo, washona viatu, wapiga chapa na wengineo, viliungana kuwa shirikisho moja la Afrika ya Mashariki. Fred Kubai akawa Rais, Makhan Singh akawa Katibu Mkuu. Serikali ilikataa kuliandikisha shirikisho hilo. Mwezi wa Machi, 1950, Nairobi ilipopewa cheo cha jiji kwa hati ya Mfalme wa Uingereza, shirikisho liliwataka watu wasishiriki katika sherehe, likisema kwamba jiji hilo lina sura mbili: la matajiri na la maskini, na kwamba wanaosherehekea ni wa lile la kwanza tu.

Siku ya Jumapili, tarehe 23 Aprili, 1950, ulifanyika mkutano wa hadhara katika ukumbi wa Kaloleni, mjini Nairobi, ulioitishwa na KAU pamoja na chama cha kisiasa cha Wahindi, ili kuipinga mipango ya walowezi ya kuukaza utawala wao. Yaliyopendekezwa na waliotangulia yalikuwa ni kukataa mpango wa walowezi. Makhan Singh alisimama akataka iongezwe sehemu nyingine: kwamba dawa ya matatizo haya haimo katika marekebisho madogo, bali katika uhuru kamili wa nchi za Afrika ya Mashariki, na serikali za kidemokrasi zichaguliwe na watu na ziwajibike kwa watu wa nchi hizo peke yao. Fred Kubai alimwunga mkono, na mkutano ukakubali. Miaka minne ilikuwa bado kabla ya TANU kuzaliwa.

Ili kuipima hatua hiyo, yafaa kulitazama neno lenyewe. Uhuru ni neno lililotoka katika Kiarabu, nalo katika Kiswahili cha zamani lilikuwa na maana iliyokaa palepale: hali ya mtu asiye mtumwa. Mtumwa hupewa uhuru na bwana wake. Kinyume chake ni utumwa. Maana hiyo haikuwa ya kitabuni. Utumwa ulikomeshwa kwa sheria Zanzibar katika mwaka wa 1897, katika pwani ya Kenya katika mwaka wa 1907, na Tanganyika katika mwaka wa 1922. Kwa hiyo katika mwaka wa 1950 walikuwapo wazee wengi ambao walizaliwa na watu waliopewa uhuru kwa maana hiyo ya kwanza. Kulitumia neno hilo kwa nchi nzima kulikuwa ni kusema mambo mawili kwa pamoja: kwamba nchi yaweza kutawaliwa kama mtumwa anavyotawaliwa, na kwamba wote waliomo ndani yake, fundi na mkulima, Mhindi na Mwafrika, wako katika kifungo kimoja. Mtu aliyetoka katika mapambano ya India alilijua neno azadi, na neno swaraj, ambalo maana yake ni kujitawala. Lakini maneno hayo hayangeweza kusema kwa wasikilizaji wa Kaloleni lile ambalo neno uhuru lingesema. Katika miaka kumi iliyofuata maana hiyo mpya ilienea hata ikaifunika ile ya kwanza, na leo mtoto wa shule asikiapo uhuru hafikiri habari za mtumwa, hufikiri bendera. Haiwezi kudaiwa kwamba mtu mmoja aliligeuza neno. Maneno hugeuzwa na wengi. Lakini mkutano wa Kaloleni ni mmojawapo wa mahali ambapo dai la namna hiyo lilitamkwa wazi, kwa nchi zote kwa pamoja, nalo likapigiwa makofi na kumletea mwenye kulitoa kifungo.

Kifungo hakikukawia. Tarehe 15 Mei, 1950, Makhan Singh na Kubai walikamatwa. Kesho yake wafanya kazi wa Nairobi waligoma, na mgomo ukaenea katika miji mingine, ukadumu kama siku tisa. Madai yake yalikuwa ni kuachiliwa kwa viongozi, kima cha chini cha mshahara cha shilingi mia, kukomeshwa kwa ukamataji wa watu usiku, na uhuru. Polisi na askari waliuvunja. Makhan Singh alipelekwa mbele ya hakimu Nyeri, naye hakuficha kwamba ni mkomunisti, wala hakuukubali uhalali wa Waingereza kuitawala nchi hiyo. Mwezi wa Juni Gavana alitia sahihi amri ya kumhamisha, akapelekwa Lokitaung, katika jangwa la Turkana, karibu na mpaka wa kaskazini.

Alikaa huko mpaka mwaka wa 1953, Jomo Kenyatta na wenzake walipohukumiwa Kapenguria na kuletwa Lokitaung. Serikali haikutaka wakae pamoja, kwa hiyo akahamishwa Maralal, na baadaye Dol Dol. Hakuhusika na vita ya Mau Mau, maana alikuwa amekwisha fungwa kabla haijaanza; lakini vita hiyo ilipokwisha, na wengi wa wafungwa wake walipoachiliwa, yeye aliendelea kuzuiliwa. Aliambiwa kwamba angeachwa huru iwapo angekubali kuondoka Kenya. Alikataa. Katika jambo hilo tabia yake yaonekana wazi kuliko katika hotuba yoyote: mlango ulikuwa wazi kwa upande mmoja tu, naye alingoja ufunguliwe kwa upande mwingine. Ulifunguliwa mwezi wa Oktoba, 1961. Kenyatta mwenyewe alikuwa ameachiliwa miezi miwili kabla yake, na Tanganyika ilikuwa katika wiki za mwisho za kungoja tarehe 9 Desemba.

Alitoka akiwa na umri wa miaka arobaini na saba, akakuta dunia imegeuka. Vyama vya wafanya kazi vilikuwa vimeshikwa na vijana wengine, na Tom Mboya ndiye aliyekuwa kiongozi wao mkuu, mwenye urafiki na vyama vya Marekani. Mkomunisti wa mwaka wa 1950 hakuwa na nafasi hapo. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba, 1963. Makhan Singh hakupewa wadhifa wowote mkubwa katika Serikali mpya. Pio Gama Pinto, Mgoa mzaliwa wa Nairobi, aliyefuata njia iliyo karibu na yake na aliyezuiliwa kati ya mwaka wa 1954 na 1959, aliuawa kwa risasi mjini Nairobi tarehe 24 Februari, 1965. Makhan Singh alirudi kwenye kazi aliyoijua, ya karatasi. Katika mwaka wa 1969 kilitoka kitabu chake kikubwa cha historia ya vyama vya wafanya kazi wa Kenya hadi mwaka wa 1952. Sehemu ya pili, iliyofika mwaka wa 1956, ilitolewa katika mwaka wa 1980 chini ya uhariri wa Profesa B. A. Ogot. Mwandishi wake hakuiona, kwa kuwa alifariki Nairobi tarehe 18 Mei, 1973. Kitabu hicho kina desturi moja ambayo wasomaji wengi wameiona kuwa kavu: mwandishi anajitaja kwa jina lake, kama mtu mwingine, miongoni mwa wengine, na kila mkutano una tarehe yake na majina ya waliohudhuria. Ni kitabu cha katibu wa chama, atakaye kumbukumbu zisipotee. Kwa sababu hiyo majina ya madereva, washonaji na wachukuzi ambayo hayakuandikwa na Serikali ila katika daftari za polisi yamebaki.

Wako wasemao kwamba habari za mtu kama huyu zimekuzwa, kwa kuwa uhuru uliletwa na wengi wa nchi, yaani Waafrika, wala si na fundi mmoja wa Panjab. Hoja hiyo ni ya kweli kwa nusu. Ni kweli kwamba mgomo wa Mombasa wa 1939 na wa 1947, na ule wa Nairobi wa 1950, ilikuwa kazi ya maelfu ya watu ambao wasingesimama kwa kuambiwa na mtu mmoja. Makhan Singh mwenyewe angekuwa wa kwanza kulisema hilo, na kitabu chake kimelisema. Lakini hoja hiyo ikivutwa zaidi huirudisha ile kanuni ya Serikali ya kikoloni, kwamba kila rangi ina mambo yake na haipaswi kujitia katika ya wengine. Waliomfunga walimwita mgeni mchochezi. Kumtoa katika historia ya nchi kwa sababu ya kuzaliwa kwake ni kukubaliana nao baada ya wao kuondoka.

Kwa upande wa pili, wako wamtajao ili kuonyesha kwamba Wahindi wote walikuwa pamoja na Waafrika. Hilo nalo halisimami. Mgomo wa 1937 ulikuwa dhidi ya matajiri wa Kihindi, na wengi katika jamaa yake walimwona mtu wa kuwaharibia biashara. Hakuwa mwakilishi wa jamaa yake. Alikuwa mtu aliyeivuka. Thamani yake imo katika kuivuka huko.

Kiswahili kina neno mwananchi, ambalo sehemu zake mbili zaonekana waziwazi: mwana na nchi. Wenye kulifasiri kwa uzawa husema kwamba mwana ni aliyezaliwa hapo. Lakini Waswahili wana kipimo kingine kilicho cha kale zaidi kuliko pasi na hati za uraia, nacho kimo katika methali isemayo kwamba mgeni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Maana yake ya kawaida ni kumhimiza mgeni asikae bure. Ndani yake, hata hivyo, imo kanuni: kwamba ugeni una mwisho, na kinachoumaliza ni kazi. Kwa kipimo cha pasi, Makhan Singh alikuwa mtu wa Gharjakh. Na mchimba shaba aliyetoka Ileje alikuwa mgeni huko Luanshya. Na Mlambya wa ng'ambo ya mto ni mgeni katika Isongole. Kwa kipimo cha jembe hesabu ni nyingine. Chama alichokiongoza tangu mwaka wa 1935 kilijengwa juu ya kipimo hicho cha pili, na Serikali iliyomfunga ilijengwa juu ya kile cha kwanza. Nchi za Afrika ya Mashariki, zilipopata uhuru, zilirithi sheria za uhamiaji za aliyezitawala pamoja na methali za watu wake, wala bado hazijaamua ni kipi kati ya vipimo hivyo viwili kitakachotangulia.